Arobaini wa Nahodha Qarrush

Dada yangu Batul alikuwa fundi wa kukarabati vitabu vikuukuu, hapa kwetu Sale, ng'ambo ya mto ukitokea Rabat. Ijumaa moja, tulipomaliza kula kuskusi, alimwambia baba, "Nimempata Nahodha Qarrush."

Baba akacheka. Nani asiyemjua? Haramia aliyewafunga mateka arobaini kwa mnyororo, akawaacha wafe kwa kiu kwenye fungu la mchanga mlangoni mwa mto. Ukoo wetu unajivunia babu aliyeizamisha merikebu yake kwa mzinga.

"Hakuwaua yeye," Batul alisema kwa sauti ya chini. "Imeandikwa kwenye daftari la kadhi. Wale arobaini walikuwa watu wa hapa hapa. Aliwatoa utumwani Uhispania, akawarudisha kwao. Mji ukaogopa tauni, ukawafungia lango. Siku nne waliomba maji, baba. Ya tano wakapigwa mizinga. Wa kwanza kutia sahihi amri hiyo ni babu yetu."

"Wewe umeajiriwa kwa gundi na uzi. Nani kakutuma kusoma?"

"Mwandiko uko wazi."

"Basi niletee niuone."

Jumatatu akauleta ule ukurasa. Baba hakuusoma. Aliniagiza niwashe jiko, nami nikawasha. Batul alitazama karatasi ikijikunja motoni.

Kesho yake asubuhi baba alitema chai.

"Nani katia chumvi?"

Nikaonja. Ilikuwa tamu kama siku zote. Tukampa maji ya bomba, ya chupa, maziwa. Vyote alitema. Daktari akamtundikia dripu. Mkono ukavimba, na kwenye ngozi ikatoka michirizi myeupe. Daktari aliigusa kwa kidole, akaonja, akaondoka bila kuaga.

Siku ya nne ulimi wake ulikuwa mweusi. Alinivuta shingo.

"Waambie wafungue," alinong'ona.

"Kina nani, baba?"

Siku ya tano, adhuhuri, alikata roho.

Batul aliyakumbuka majina yote arobaini yaliyokuwa kwenye ule ukurasa. Alikwenda ufukweni akayasoma moja moja, watu wakimcheka.

"Huenda wakaridhika," aliniambia.

Alipofika nyumbani alimimina maji. Akanywa funda moja. Akaiweka bilauri chini, taratibu, akanitazama.

Siku tano. Nilihesabu zote.

Niliporudi kutoka kumzika, nikakuta viganja vimepigwa chapa mlangoni kwetu. Chumvi kavu. Vingi. Vyote vilikuwa chini, usawa wa goti, kama vya watu waliobisha wakiwa wameketi, kwa kuwa miguu haikuweza tena.

Jirani alinipa ndoo ya maji. Nilisugua hadi mbao zikang'aa.

Asubuhi vilikuwa vimerudi.

Upande wa ndani.