Nusu Funda la Maji

Waliporudi kutoka chai, sponji ya kile kiti cha mbele ilikuwa imebonyea.

Hakuna aliyekuwa ameketi pale. Kazi ya kiti chenyewe ilikuwa kubaki kitupu. Daktari Austin Musyimi, mkufunzi kutoka Nairobi, alikuwa amekiweka mbele ya ukumbi wa hoteli pale Voi asubuhi hiyo, kimevishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe wa zambarau kama vile vya harusi. Aliwaeleza washauri nasaha kumi na wanne, waliokusanywa kutoka kila pembe ya kaunti, kwamba mtu uliye na uchungu naye unamketisha pale kwa mawazo, unamwambia yote uliyomfungia moyoni, kisha unahama na kuketi mahali pake, unajijibu kwa kinywa chake. Mwisho mnaagana.

"Mkiruka kuagana," alisema, "hamjamtibu mtu. Mmemfungua tu na kumwacha wazi."

Bango lililokuwa ukutani liliyaita mafunzo hayo Mafunzo ya Kitaalamu ya Tiba Inayolenga Hisia kwa Akili ya Ndani, Awamu ya Pili. Awamu ya kwanza hakuna aliyekuwa ameiona, lakini barua ya mwaliko ilisema ilifana sana.

Wa kwanza kujitolea alikuwa Peris, mzaliwa wa Mwanda, kule milimani, mshauri nasaha wa miaka kumi na mmoja. Hakujitolea hasa. Shanice, afisa mratibu, ndiye aliyemtoa, kwa kuwa jina lake lilikuwa juu ya orodha.

Peris alimketisha kaka yake, Obadiah.

"Mama alipozidiwa kule nyumbani, nilikupigia siku tatu," alikiambia kiti, kwanza akiona haya mbele ya watu. "Ulikuwa umezima simu. Nilimbeba na majirani kwenye blanketi mpaka barabarani. Gari halikuja. Alinifia mikononi, Obadiah. Halafu siku ya mazishi ukashika kipaza sauti, ukasema, 'Namshukuru dada yangu, alijaribu.' Alijaribu! Miaka sita nalala na neno hilo."

"Endelea," Daktari alisema polepole. "Chini yake kuna nini?"

Chini yake kulikuwa na kitu ambacho Peris hakujua anacho. Kilipanda chenyewe, na sauti iliyokitoa ilikuwa tulivu mno.

"Natamani siku moja nawe uite. Umshike unayempenda kama nilivyomshika mama, uite mpaka koo likauke, na asiwepo wa kukuitikia."

Daktari alikuwa ndiyo anamwashiria Peris ahamie kile kiti wakati Shanice alipoinua mkono wenye ratiba.

"Samahani, Daktari. Saa nne na nusu. Chai."

"Tupe dakika tano, tafadhali. Hapa si pa kukatiza."

"Ratiba imetiwa sahihi na Mkurugenzi."

Wakaenda chai. Baada ya chai akafika mgeni wa heshima, akayafungua rasmi mafunzo yaliyokuwa yameshaanza tangu saa mbili, na akahutubia saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kutunza muda. Hakuna aliyerudi kwenye zoezi la Peris.

Peris peke yake ndiye aliyeiona sponji. Na harufu ndiyo iliyomfanya aangalie: udongo uliofukuliwa sasa hivi, katika mwezi wa Julai ambapo ardhi ya Voi ni ngumu kama tofali. Chini ya ule udongo, kwa mbali, palikuwa na dawa ya kuchua aliyokuwa akimpaka mama yake miguuni.

Alasiri Kasiva, mhudumu wa hoteli, alipita akigawa chupa za maji. Alipofika mbele aliweka moja kando ya kile kiti.

"Hiyo ya nani?" Peris akamuuliza.

"Ya huyu aliyeketi—" Kasiva alikitazama kiti, akakitazama tena, kisha akaichukua chupa. "Pole, madam. Nilidhani."

*

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, Obadiah alipiga simu. Tangu mazishi walikuwa wakisalimiana tu katika kundi la familia la WhatsApp, kwa picha za maua zilizoandikwa Jumapili njema.

"Haloo? Peris?"

"Nakusikia, Obadiah."

"Haloo! Peris, ni Daisy." Daisy alikuwa binti wa pekee wa Obadiah, wa miaka minane. "Anachemka tangu jana mchana, saa hii hata hanitambui. Nimepigia kila mtu mwenye gari hapa Mwanda. Wanapokea, halafu hawasemi kitu."

"Nakusikia! Mvue nguo, umpanguse na maji, natuma gari—"

"Haloo? Peris, nasikia unapumua. Kama una kinyongo, sawa, nitukane. Lakini huyu ni mtoto. Nijibu basi."

Peris alikuwa amebana pumzi. Na pumzi ilisikika hata hivyo, ndefu, ya mdomo wazi, si ndani ya simu bali nyuma yake, upande wa mbele wa ukumbi, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Alipaza sauti mpaka wenzake wakageuka. Alimpigia kwa simu ya Shanice, akampigia kwa simu ya Daktari. Kote Obadiah alipokea, kote aliuliza ni nani huyo anayepumua tu, kote akakata akilia. Ujumbe wa maandishi haukwenda. Gari la wagonjwa lililokuwa karibu lilikuwa gereji, jambo ambalo halikuhitaji jini. Mwishowe Thadeus, dereva wa mafunzo, alikubali kwenda kumchukua mtoto, na akaondoka mara tu Shanice alipomaliza kumjazia fomu ya safari. Lakini kutoka Voi kupanda mpaka Mwanda ni mwendo, na Peris alijua jinsi magari yanavyoweza kutofika.

"Ni mimi nimelitamka," alimwambia Daktari. "Neno kwa neno. Anaita na haitikiwi."

"Ni sadfa, Peris. Hisia isiyofungwa hutafuta maana kila mahali." Lakini naye alikuwa akinong'ona. "Kosa ni langu, tulikuacha katikati. Wenzako wakienda kula, twende tumalize. Utaketi pale, utakuwa Obadiah, mtaagana."

Saa saba jua lilikuwa limesimama juu ya bati, ukumbi mtupu, mapazia hayatikisiki. Kasiva alikuwa akikusanya vikombe. Peris alikiendea kiti kwa hatua za mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, akakipa mgongo, akashika pembe za kile kitambaa cheupe, akajishusha taratibu, na kabla hajaifikia sponji, pale ambapo palipaswa kuwa na hewa tu, alihisi magoti, mawili, makavu, ya baridi, yakijipanga chini ya mapaja yake kama ya mzazi anayempakata mtoto, na kifua kikamgusa mgongo kwa pumzi ile ile ndefu, na harufu ya udongo ikamjaa puani mpaka akaionja ulimini, na sikioni mwake sauti yake mwenyewe, tulivu mno, ikasema, "Asiwepo wa kukuitikia."

Aliruka, akaanguka kifudifudi. Daktari Musyimi, mwenye shahada tatu, alikuwa tayari nyuma ya meza ya projekta.

"Hoteli hii haina jini," Kasiva alisema kwa sauti ndogo. "Tungelijua. Hata ukaguzi ulifanywa mwezi wa tatu, cheti kiko pale mapokezi. Huyu mmemleta nyinyi, madam. Mmemwandalia kiti, mmemlisha hasira, mkaenda chai. Angeenda wapi?"

"Anatolewaje?"

"Mimi nauza chai. Aliyemlisha ni wewe, wewe ndiye anayekujua."

Hapo Peris akamkumbuka babu yake, mzee wa kanisa kila Jumapili, ambaye siku nyingine, uani, alikuwa akifanya lile jambo linaloitwa milimani kutasa. Mtu mwenye hasira na nduguye alijaza maji mdomoni, akayashika hapo mpaka moyo ulegee, kisha akayapuliza nje kwa nguvu na kutamka amani. Padre alilijua na hakuuliza. Peris mdogo alijaribu mara moja kwa mchezo, babu akamshika kidevu. "Usimeze," alimwambia. "Hasira yote imo humo sasa. Ukimeza, umeirudisha, na safari hii itajua njia."

Kumbe mafunzo yote, bango na projekta, yalikuwa hayo hayo, bila maji.

"Kasiva, niletee chupa."

Alipiga magoti mbele ya kiti. Alijaza funda la kwanza, akamfikiria Daisy, meno yake mawili ya mbele yaliyokuwa ndiyo yanaota, na moyo ukalegea bila kubishana. Akapuliza. Matone yalitua juu ya kitambaa, na mengine yakasimama hewani kwa muda, yakichora bega.

"Daisy apone!"

Kile kilichoketi kikaacha kupumua, kikasikiliza.

Alijaza funda la pili. Hili lilikuwa la Obadiah. Alilishika. Aliutafuta moyo wake na kuukuta umesimama mlangoni, mikono kiunoni. Aliubembeleza, akauambia ni kaka yako, mmekula sahani moja, ana mtoto mgonjwa mikononi. Na ukaanza kweli kulegea, kidogo, kidogo tena, mpaka likapita lile neno, na kipaza sauti, na watu waliovaa nguo za msiba wakitikisa vichwa kwa huruma, alijaribu, na koo lake likajifunga kama ngumi, na likameza.

Si yote. Nusu. Iliyobaki aliipuliza kwa nguvu zake zote.

"Obadiah aitikiwe!"

Sponji ikapanda. Ilipanda polepole, kama mtu anayeinuka akiwa bado anajishauri. Harufu ikaisha. Simu ikalia.

"Peris? Haloo?"

"Nipo! Obadiah, nipo!"

"Nakusikia!" Alikuwa akicheka na kulia. "Nakusikia, dada! Joto limeshuka, ameomba uji. Na dereva wako ndiyo huyu anapiga honi."

Daktari alimkumbatia. Kasiva alifuta kiti, akakirudisha miongoni mwa vingine. Peris alijipangusa midomo, na hakumwambia yeyote habari za ile nusu. Ijumaa alipewa cheti chake.

*

Jumapili alipanda Mwanda. Daisy alikuwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, amekonda, anatafuna mkate. Wifi yake, mamake Daisy, alimkumbatia Peris mlangoni mpaka akakosa pumzi. Obadiah alisimama kuomba kabla ya chakula, na Peris akainamisha kichwa, akijiambia kwamba yameisha, kwamba nusu ya maji ni maji tu.

"Bwana, tunakushukuru kwa uzima wa Daisy," Obadiah alisema, sauti ikikwama kwa machozi ya kweli. "Na kwa dada yangu, aliyekuwa mbali. Unajua, Bwana, kwamba alijaribu."

Ndani ya tumbo la Peris, kitu cha baridi kikajigeuza upande wa pili.

"Amina," akasema.

"Keti, Shangazi," Daisy alisema, akisogea. Peris akaketi. Daisy akasogea tena, hadi pembeni kabisa ya kochi, akakunja miguu. Hakuwa akimtazama Peris. Alitazama pale katikati yao, ambapo kitambaa cha kufuma kilikuwa kikizama, taratibu, na nyumba ikinuka udongo.

"Shangazi," alinong'ona, "mwambie asiniegemee."