Daftari la Nne

Droo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kama kawaida. Ndani yake yalikuwemo madaftari kumi na moja. Yalipaswa kuwa kumi na mawili.

"La nne halipo," alisema bingwa. "Inspekta, haya ndiyo maisha yangu."

Hakuwa anatia chumvi. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa akiishi kwa poka, mchezo wa karata wa kuweka dau, na mezani walimwita Bubu. Aliweza kutupa karata zake saa nzima, kimya, akitazama mikono ya wenzake badala ya nyuso. Kisha ghafla angesukuma kete zake zote za dau katikati, na hakuna aliyejua kama ana karata kweli au anapiga mkwara. Kila siku ya mchezo aliandika daftarini alichokiona kwa wapinzani wake. Keshokutwa mchapishaji angekuja kuyachukua madaftari yote yatoke kama kitabu.

Inspekta, mwanamke mtu mzima asiye na papara, alichuchumaa mbele ya droo. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya picha ya harusi."

"Nani anajua?"

"Mke wangu. Na yeyote aliyewahi kuniona nikiuchukua."

Mtaalamu wa alama za vidole aliuinua ufunguo kwa kibano. "Alama zimefutwa, afande. Ila kwenye meno kuna unga wa buluu. Chaki hii."

Inspekta alimgeukia bingwa. "Daftari la nne lina nini?"

"Ubingwa wangu wa kwanza. Miaka kumi na tisa iliyopita."

"Fainali ulicheza na nani?"

Bingwa alitupia jicho picha ya harusi. "Na shemeji yangu. Fundi cherehani."

"Huwa anafika hapa?"

"Kila Jumamosi tunacheza. Jana alikuwepo."

Mkewe, aliyesimama mlangoni, alishusha pumzi. "Kaka yangu huja kwa mume wangu, afande. Mimi hunipa salamu tu, basi."

Fundi walimkuta kibandani kwake, anakunja pindo la suruali. Kipande cha chaki ya buluu kilichungulia mfukoni mwa shati.

"Jana uliingia chumba cha kazi cha shemeji yako?" aliuliza Inspekta.

"Sikumbuki."

"Chaki hii ni yako?"

"Kila fundi anayo."

"Lakini si kila fundi alicheza ile fainali. Mwizi ameacha madaftari kumi na moja, Fundi. Kachukua lile la fainali yako wewe."

Suruali iliwekwa kando. Fundi aliingiza mkono chini ya rundo la vitambaa, akatoa daftari.

"Nimechukua mimi."

"Kwa nini?"

"Siku ile, kila nilipokuwa na karata nzuri, alitupa zake. Kila nilipopiga mkwara, alinifuata. Nikasema huyu kaambiwa. Na anayenijua hivyo tangu utotoni ni mmoja tu, dada yangu. Moyo wangu ukamfungia mlango. Sasa kitabu kinatoka, nikataka kujua kabla watu hawajajua."

"Na umejua nini?"

Alimwonyesha ukurasa. Inspekta alisoma: *Fundi. Akiwa na karata nzuri, kidole gumba husugua cha kati, kama anayevaa subana ya kushonea. Nimeiona ishara hii leo, raundi ya tatu.*

"Kaona mwenyewe," alisema Fundi. "Dada hakusema neno."

Walimrudisha Fundi nyumbani kwa bingwa, maelezo yake yakaandikwa, lakini jalada halikufika mbali. Bingwa alifuta malalamiko papo hapo, akisema daftari limerudi na shemeji ni wake.

Dada ndiye aliyebaki kusimama, mikono kiunoni.

"Miaka kumi na tisa, kaka! Si ungeniuliza?"

"Niliogopa jibu."

Dada macho yakamjaa machozi, kisha akacheka. "Mjinga wewe. Kaa hapo. Leo hutoki bila kula."

Inspekta alipofika getini, aliwasikia ndugu hao wakibishana kwa sauti ni nani hasa aliyevunja sindano ya cherehani ya marehemu mama yao.