Uboho Aliompa Igiraneza

— Huyu mwanamuke wa kunyolewa kichwa ni nani?

Valérie alimnyooshea mchumba wake simu. Kwenye picha, mchumba huyo, Dusabimana, alikuwa hospitalini, ameshikana mkono na msichana. Miezi miwili alidai yuko Goma anauza maharagi. Leo amefika kwa Valérie, Itebero, kutoka Nyabiondo, kwa pikipiki na miguu, na hiyo ndiyo salamu aliyoikuta.

— Ni Igiraneza, dada yangu.

— Mwenye kuumwa SS, ile ugonjwa ya damu? Na hapa ni wapi?

— Inde, kule India. Walinitoa moelle, ule uboho wa ndani ya mifupa, wakamupa yeye.

— Ukanificha? Mimi infirmière, mwenye kutunza wagonjwa?

— Kwetu wanasema mwanaume akitolewa ile kitu, hawezi zala tena. Niliogopa utanikatala.

Valérie akakaa kwenye benchi ya kituo cha afya.

— Sikia. Ndani ya mufupa muko seli-mama, zenye kuzala damu. Ziko na nyumba, ziko na majirani. Majirani njo wanaziambia: pumzika, ao zala. Walikutoa kidogo, nyumba ikabakia, na zenye zilibakia zikajaza tena. Kuzala mutoto iko fasi ingine kabisa.

— Kwa Igiraneza walizipitisha ku mushipa ya mukono. Zilijuaje njia?

— Mufupa inaziita. Lakini kwanza waliondoa zake za zamani na dawa kali, zako zipate fasi.

— Juu ya nini hawazizalishe ndani ya chupa, tusitobolewe?

— Wanajaribu. Inje ya mufupa zinasahau umama, zinageuka damu ya kawaida, zinakwisha. Wale majirani wote, wanasayansi hawajawajua bado.

Dusabimana akapumua. Valérie hakutabasamu.

— Moelle haina shida. Shida ni bongo, uongo wako. Miezi mbili, Dusa!

— Nisamehe.

— Leo siwezi.

Akarudi kwa wagonjwa. Siku ya tatu akatuma ujumbe: "Enda kwa Papa. Umuambie yote na kinywa yako. Kisha unipigie."

Papa Léopold, baba ya Valérie, mwindaji, alikuwa akinoa panga. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Na dada yako?

— Iko muzima, Papa. Maumivu iliisha.

— Muntu mwenye kutobolewa mifupa juu ya dada yake, nitamunyima mutoto yangu?

Dusabimana akapiga simu kwa Valérie.

— Papa amekubali.

— Mimi bado hujaniuliza.

— Valérie, utakubali nikuoe?

Kisha sauti ikaja, imelowa machozi.

— Ndiyo. Lakini unidanganye tena, uone!

Walifunga ndoa Agosti, Nyabiondo.