Neno Moja kwa Makosa Yote

Kila alasiri Kimya alivua viatu vya shule, akaketi nyuma ya pazia la zahanati ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, maana tangu mama yake afariki na yeye kuhamia hapa, alijibu kwa kichwa tu. Mwenzake alikuwa kompyuta kuukuu. Alimtungia shangazi programu ya kupokea uzito wa watoto na kukokotoa kipimo cha dawa.

Sehemu ya kujazia uzito aliilinda vikali. Ukiacha wazi, ukiandika maneno, au ukitia uzito usiowezekana, programu ilikataa na kuandika: KOSA.

Siku hiyo mama mmoja alileta mtoto anayechemka homa. Shangazi akampima, akaandika kwenye kompyuta ya mezani pake "kilo 9". KOSA.

"Mizani imeharibika nini?" Akamvua mtoto nguo, akampima upya, akaandika vilevile. KOSA. Akamvua hata soksi. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka.

"Dada, mwanangu anatetemeka," mama alilalamika. "Hiyo mashine yenu inataka akonde mpaka wapi?"

Nyuma ya pazia, Kimya alichungulia skrini ya shangazi, akaelewa. Angenyamaza, lawama ingeiangukia mizani. Akatoka.

"Shangazi, mizani ni nzima. Kosa ni langu. Andika 9 tu, hilo neno kilo liondoe."

Kipimo kikatokea. Mtoto akanyweshwa dawa, akafunikwa, na Mungu akajalia homa ikashuka.

Wagonjwa walipoisha, shangazi alivuta kiti. "Mwanangu, kukataa ulifanya vyema. Ila umekataa kama mtu aliyenuna: mwenzangu ajijue mwenyewe."

Kimya akacheka kidogo. Kisha akayatenganisha makosa. Pakiachwa wazi: "Hujajaza uzito." Pakiwa na maneno: "Andika tarakimu peke yake." Uzito ukipita kiasi: "Uzito huu hauwezekani, pima tena."

Shangazi alijaribu yote matatu. "Sasa ninajua la kufanya. Kosa litajwe lilivyo, ndipo mtu apate kulirekebisha. Hata maumivu ni hivyohivyo, mwanangu. Nikikuuliza una nini, usiniinamishie kichwa. Mama yako alikuwa wifi yangu, nami namlilia."

Kimya aliizima kompyuta, akamgeukia.

"Alasiri ndiyo mbaya," alisema. "Ndiyo saa aliyokuwa akinisuka."

Shangazi akafunga mlango wa zahanati. "Njoo ukae hapa chini. Kitana kiko wapi?"