Mwanamke wa Besiboli Sebuleni Kwangu

"Njoo! Njoo nyumbani! Usisimame... kimbia, roho yangu, kimbia!"

Sauti ya mwanamke.

Ndani ya nyumba YANGU!

Nilikuwa nimesimama uani saa nane mchana, ndoo ya dagaa kichwani. Chini mlangoni kuna kandambili za kike. Si zangu.

Nikasukuma mlango. Umefungwa kwa ndani.

"Swaibu! Fungua!"

Nikasikia purukushani, kitu kikaanguka.

"Swaibu, fungua kabla sijauvunja!"

Mume wangu akafungua. Jasho linamtoka. Nyuma yake, kwenye mkeka wangu, amekaa msichana mwembamba, macho mekundu kwa kulia. Amejifunga kanga yangu! Ile ya zambarau niliyoletewa na wifi.

"Kuru, tulia. Alilowa na mvua."

"Kwa hiyo ukamvua?"

"Astaghfirullah, Kuru! Tulikuwa tunacheza gemu."

Jamani... gemu!

Nikatazama runinga. Kweli, kuna jamaa kavaa kofia na suruali ya kubana, anakimbia uwanjani, maelfu ya watu wanashangilia. Gongo la kupigia mpira limelala chini uwanjani.

Hata sikujali. Nilimshika yule dada mkono nikamtoa nje na kanga yangu mwilini. Hakubisha. Alivaa kandambili zake akaondoka ameinamisha kichwa.

Sasa ngoja niwaeleze mimi ni nani, msije mkanihukumu mapema. Mtanihukumu tu, lakini mwishoni.

Naitwa Kuruthumu, mzaliwa wa Ujiji. Dagaa nanunua Kibirizi, kwenye mwalo wa boti za uvuvi, nawauza kwa jumla. Mume wangu Swaibu ni fundi wa simu na runinga, ana banda lake mtaa wa Mwanga. Hayo ninayosimulia ni ya mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya Warundi kumiminika kwetu kwa ziwa na kwa miguu, wakikimbia machafuko kwao.

Kuna mzungu aliyekuwa anafanya kazi na wakimbizi, akamaliza mkataba akauza vitu vyake. Swaibu akanunua mashine ya gemu. Diski ilikuwa moja tu. Besiboli!

Mchezo gani huo? Mtu anarusha kijipira, mwenzake anakipiga na gongo, halafu anazunguka uwanja mpaka arudi pale pale alipoanzia. Nilimuuliza Swaibu, "Sasa amekimbia kwenda wapi?"

Akanijibu, "Amerudi nyumbani. Ndiyo pointi hiyo."

Nilicheka sana. Lakini yeye alidata. Kila akitoka kazini, gemu. Nikipika, gemu. Nikiongea, "Subiri kidogo Kuru, huyu yuko besi ya tatu, kabakiza kituo kimoja afike nyumbani."

Nilishaanza kuionea wivu ile mashine. Fikirini sasa, nimemkuta mwanamke amekaa mbele yake!

Siku hiyo nilimbana Swaibu mpaka akasema.

"Anaitwa Verediana. Mrundi. Anasuka nywele pale saluni karibu na soko."

"Mlango ulifungwa wa nini?"

"Ametoka kambi ya wakimbizi bila kibali. Anaogopa watu. Kuru, kuna jambo namsaidia, lakini nimemwahidi sitamwambia mtu."

"Mimi ni mtu?"

Akaanza kukunja nyaya za mashine yake.

Hapo ndipo aliponichoma. Miaka sita ya ndoa, na mume wangu ana siri na msusi!

Akaapa Verediana hatakuja tena. Nikasema sawa. Lakini moyoni... wee! Nilikuwa nikipita mbele ya ile saluni natembea polepole makusudi. Namwona anasuka, vidole vinakwenda haraka, shingo ndefu, ngozi imetulia. Narudi nyumbani najitazama kwenye kioo, nanuka dagaa. Najiuliza, kwa nini asimtake?

Siku ya tano nikawaachia wenzangu mzigo, nikarudi mapema. Safari hii sikugonga. Nikajibanza chini ya dirisha la sebule.

"Mdomo wake ni mzito zaidi ya hapo," sauti ya Verediana hiyo.

"Hivi?" Swaibu huyo.

"Ego, ndiyo... hapo hapo. Usiguse tena. Sasa macho. Yana usingizi kidogo. Nilikuwa napenda kumtazama akilala."

"Na shavu?"

"Lainisha. Taratibu... Yoo, Swaibu! Umejuaje?"

Akaanza kulia. Na mume wangu, mume ambaye hajawahi kunibembeleza hata nilipofiwa na mama, akawa anamwambia, "Lia tu, dada. Lia."



Sikuingia. Sikupiga kelele. Nilijifuta uso, nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa mtaa.

"Shikamoo mzee. Kuna mkimbizi anaishi hapa bila kibali. Jina lake Verediana. Ukienda saluni kesho asubuhi utampata."

Dakika tano tu. Nikatoka pale mwepesi kama nimetua gunia.

Asubuhi nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara nione. Ndiyo, nilikwenda kutazama! Walimtoa saluni taratibu, bila vurugu, mteja wake amebaki na kichwa nusu. Alipokaribia gari akaniona. Akawaomba wale maofisa dakika moja, akavuka barabara.

Nikajua anakuja kunitukana.

Akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa kanga ya zambarau. Imefuliwa, imekunjwa vizuri.

"Dada Kuru, nilikuwa sijapata nafasi ya kuirudisha. Ahsante."

Akapanda gari, akapelekwa kambini kule Kasulu.

Niliibeba ile kanga nyumbani nikaona kama nimebeba mtoto wa mtu.

Swaibu alirudi jioni. Alishasikia. Nilijiandaa kwa ugomvi, nina maneno yangu mia. Hakugomba. Aliwasha runinga, akawasha mashine, akaniambia, "Kaa hapa."

"Sitaki gemu lako."

"Kuruthumu. Kaa."

Nikakaa.

"Gemu hili lina sehemu ya kutengeneza mchezaji wako mwenyewe," akasema. "Unachagua pua, taya, rangi, makovu, kila kitu. Anatoka kama mtu wa kweli. Verediana alikuja bandani na simu iliyoingia maji ziwani, siku wanakimbia. Picha zote za kwao zilikuwa humo. Nilishindwa kuifufua."

Akabonyeza. Akatokea mzee mwenye mvi, kofia kichwani, gongo mkononi.

"Baba yake. Huyu alifia Burundi, amemzika mwenyewe. Alitaka tu amwone tena. Siku ile ulipotukuta, mzee alikuwa anakimbia kurudi nyumbani."

Nikasogea karibu na runinga.

"Mama yake je?"

"Gemu halina wanawake."

Akabonyeza tena. Kijana. "Gervasi, kaka yake mkubwa." Akabonyeza. "Martini, anayemfuata. Hawa alipotezana nao Kagunga, kijiji cha mpakani, kwenye msongamano wa kugombea meli. Nilikuwa nipige picha hapa kwenye runinga, nikazisafishe, zipelekwe kwa wanaotafuta ndugu waliopotea. Yeye hakuwa na picha ya kuwaonyesha. Ndiyo maana alitoroka kambini, aje kutafuta fundi wa ile simu."

"Kwa nini hukuniambia, Swaibu?"

"Nilimwahidi. Na nilikosea."

Akabonyeza mara ya mwisho.

"Huyu ni mdogo wao, Selestini, naye alipotelea huko huko. Tulimmaliza jana."

Mdomo mzito. Macho ya usingizi. Shavu laini, na kovu dogo linalokata nyusi ya kushoto.

Nikapiga kelele mpaka jirani akaita.

"Namjua! Swaibu, huyu namjua! Ananibebea magunia!"

Wanamwita Bubu. Ni mpagazi pale Kibirizi, mwaka mzima ananipakilia mizigo na hatuzungumzi zaidi ya salamu. Akiulizwa kwao, anasema Mwamgongo, kijiji cha huku huku kwetu, halafu anakimbilia gunia lingine.

Kesho yake alfajiri nilikuwa wa kwanza mwaloni. Nikamwona anakuja na gunia begani.

"Kaka, wewe ni Selestini?"

Akasimama. Uso ukabadilika.

"Hapana mama. Mimi si Mrundi, ni Muha wa Mwamgongo."

"Verediana anakutafuta."

Gunia likaanguka, dagaa wakamwagika mchangani. Mwenye mzigo akaanza kufoka, hakuna aliyemsikiliza. Yule kijana alinishika mikono yote miwili.

"Yu hai? Dada yangu yu hai? Yuko wapi?"

Wasomaji wangu... swali hilo!

"Alikuwa hapa," nikamjibu. "Alikuwa Ujiji. Amekaa miezi minne, mwendo wa miguu tu kutoka hapa ulipo."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Jana asubuhi wamemrudisha kambini. Mimi ndiye niliyemsema kwa mtendaji."

Ningeweza kuficha. Sijui kwa nini sikuficha. Akaachia mikono yangu, akainama kukusanya dagaa wa watu.

Swaibu akahangaikia vibali vya kuingia kambini. Wiki ya pili tukapanda basi watatu, mimi, yeye na Selestini aliyeamua kwa hiari yake kwenda kujiandikisha. Alichagua kiti cha mbali na changu.

Kambini, Verediana alikuwa anateka maji. Sitawasimulia walivyokumbatiana, maana sikuweza kutazama. Nilisikia tu ndoo ikigonga chini na mtu akiita jina moja, tena na tena.

Baadaye akanifuata nilipokuwa nimesimama peke yangu.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikaanza. "Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kama ungeniuliza, ningekuonyesha."

"Nisamehe."

"Bado nina hasira na wewe, dada Kuru. Sitaki kukudanganya." Akafuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Lakini umetoka mbali. Njoo ule."

Picha za Gervasi na Martini bado zimebandikwa kwenye ubao wa waliopotea. Wamevaa kofia za besiboli. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza.

Wanawake wenzangu, wivu si dhambi, hata mimi ninao bado. Ila kabla hujatoka nje kumsema mtu, ingia ndani uulize, hata kama sauti inatetemeka. Na nyie wanaume, acheni kuficha wema wenu kama mnavyoficha uchafu wenu! Tutajuaje tofauti?

Siku ile kule kambini nilikaa kwenye mkeka wa Verediana. Akanipakulia maharage na ugali wa muhogo, akanisogezea maji ya kunawa. Selestini akasogea kidogo, akanipa nafasi.

Nikala.