Treni Iliyowahi

Shangazi yangu hapendi kulieleza jambo hili, na siku akilieleza hulieleza mchana, mlango ukiwa wazi. Treni hapandi tena. Nami nalisimulia kama nilivyolipokea kinywani mwake.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, safari ya saa saba kwa treni. Saa saba za kwenye ratiba, maana ratiba ile ilikuwa pambo la ukuta. Treni iliandikiwa kufika saa nne na dakika kumi asubuhi. Ikifika saa tisa watu walimshukuru Mungu. Ikifika jioni hawakushangaa. Stesheni masta alishaandika ubaoni kwa chaki "ITACHELEWA", na tangu ahamishiwe pale hakuwahi kulifuta neno hilo. Abiria wazoefu walikuja mchana na vigoda vyao, wakapiga soga kama wako uani kwao.

Asubuhi ya jambo hili shangazi hakuweza kungoja nyumbani. Mkwe wake alikuwa amepiga simu: uchungu umeanza. Miaka mitatu nyuma treni hiyohiyo ilimkosesha maziko ya dada yake. Alifika udongo wa kaburi umeshakauka. Safari hii aliapa hachelewi. Saa nne kasorobo alikuwa kituoni, peke yake, na mkoba wa nguo za kichanga alizozishona mwenyewe.

Stesheni masta alimkatia tiketi huku akicheka.

"Mama, umekuja kutufagilia stesheni?"

"Nimekuja kusafiri, mwanangu."

"Basi lala kwanza. Mimi naenda kunywa chai."

Akafunga dirisha, akaenda zake.

Saa nne na dakika kumi, si saa tisa wala saa kumi na moja, treni ikaingia.

Haikupiga honi. Ilisimama taratibu, mlango wa behewa ukaja kukomea sawasawa na miguu yake. Shangazi akaitazama, akaitazama ofisi iliyofungwa, akasema moyoni: ya Mungu mengi. Akapanda.

Kilichomshangaza kwanza ni usafi. Viti vya ngozi vinang'aa. Njiani hakuna magunia, hakuna kuku, hakuna mtoto anayelia. Na bado behewa lilikuwa limejaa: kila mtu kwenye nambari yake, mizigo magotini, nyuso mbele. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, thelathini na moja. Ndiyo nambari iliyoandikwa kwenye tiketi yake.

"Hamjambo wenzangu?"

Hakuitika hata mmoja.

Kituo cha kwanza walifika kwa wakati. Cha pili, kwa wakati. Cha tatu shangazi alitaka kununua maji, lakini milango haikufunguliwa. Nje, wachuuzi walikuwa wameketi juu ya ndoo zao. Akagonga kioo. Mwanamke mmoja, hatua tatu tu kutoka pale, akamtazama usoni, akapiga mwayo, kisha akageukia upande treni inakotokea. Alikuwa bado anaisubiri.

Shangazi akataka kuinuka. Gauni likamvuta chini. Akadhani limenasa kwenye msumari.

"Usikurupuke," mtu akanong'ona. "Atasikia."

Alikuwa mama mtu mzima aliyekaa kando yake, amekumbatia sanduku la zawadi. Utepe wa sanduku lile ulikuwa umepauka hata rangi yake haijulikani.

"Nani atasikia?"

"Mkaguzi wa tiketi."

"Kwani wewe unakwenda wapi, dada?"

"Harusini kwa mwanangu. Niliogopa kuchelewa." Akalibana sanduku lake. "Sasa mwanangu ana wajukuu. Huwaona dirishani tukipita."

Shangazi hakuelewa. Yule mama akaendelea, midomo haitikisiki.

"Tulifika kwa wakati. Lakini alishuka mwingine. Ana sura yangu, ana sauti yangu. Yeye ndiye aliyecheza harusi ya mwanangu. Mimi nikabaki kwenye kiti."

Kisha akainua pindo la nguo yake.

Shangazi ameshona miaka thelathini; mshono anaujua. Nguo ya yule mama ilikuwa imeshonwa kwenye kiti kwa uzi mweusi, mishono midogomidogo, imenyooka kama ya cherehani. Uzi ulitoka kwenye nguo ukaingia pajani. Ngozi ya paja na ngozi ya kiti zilikuwa ngozi moja. Damu haikuwepo.

Akainama kulitazama gauni lake mwenyewe. Mishono saba. Alipokuwa akiitazama, ikawa minane.

"Humu kuna kitu kimoja tu wasichokitaka," yule mama akanong'ona. Macho yake yakapanda juu ya dirisha, kwenye mkono mwekundu wa breki ya dharura. "Kuchelewa."

Mlango wa mwisho wa behewa ukafunguka.

Mkaguzi alikuwa nadhifu, vifungo vinametameta, saa ya mfukoni iko kiganjani. Abiria hakuwatazama. Aliitazama saa. Akaja polepole, kiti kwa kiti, na kila alipopita watu walizidi kukaa wima.

Shangazi alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, ule wa kuning'iniza shingoni. Akauvuta. Akakata. Uzi ulikuwa mgumu kama waya. Akakata tena. Na tena. Mshono wa mwisho ulikuwa umeshagusa nyama. Aliukata pamoja na nyama. Akainuka. Mkoba ukabaki chini ya kiti, simu ikiwa ndani. Akaudaka ule mkono mwekundu, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote.

Treni ikapiga ukelele.

Abiria wote wakageuza vichwa. Kwa pamoja. Wakanong'ona kwa pamoja.

"Usitucheleweshe."

Mkaguzi akafika. Alisimama karibu, karibu mno. Shangazi alisikia saa ikigonga. Pumzi hakuisikia.

"Keti, mama."

Hakuketi.

"Kiti thelathini na moja lazima kifike."

"Mimi sifiki nacho."

Treni ikasimama katikati ya pori. Saa ikagonga. Ikagonga. Ikaruka pigo moja. Mlango ukafunguka.

Shangazi hakushuka, alianguka. Nyuma yake alimsikia yule mama akicheka, au akilia. Mpaka leo hajui. Alipoinua kichwa kutoka kwenye nyasi, treni haikuwepo. Akaishika reli. Jua lilikuwa la utosi, na chuma kilikuwa baridi.

Akachechemea hadi kituo kilichofuata. Saa kumi na mbili jioni treni ya siku zote ikaja, imechelewa kama ada yake, imejaa hadi milangoni, inanuka jasho, watu wanagombania nafasi, watoto wanalia. Shangazi akabanwa katikati ya magunia, akalia machozi ya furaha.

Kwa binti yake alifika asubuhi iliyofuata. Akabisha hodi. Binti akafungua mwenyewe, tumbo limeshuka, uso umejaa usingizi na furaha. Ile furaha ikaganda usoni.

"Mama? Umetokea wapi?"

"Si treni, mwanangu! Imechelewa. Umejifungua salama?"

"Mama..." Akageuka kutazama chumbani. "Ulifika jana. Saa kumi na moja na dakika kumi. Umelala na mtoto usiku kucha ili mimi nipumzike."

Shangazi akamshika mkono binti yake. Na kutoka chumbani, nyuma ya pazia, sauti ya shangazi mwenyewe ikaita kwa upole:

"Nani anabisha, mwanangu?"

Waliingia chumbani pamoja, wameshikana mikono. Dirisha lilikuwa na nondo, limefungwa kwa ndani. Mtu hakuwepo. Mtoto peke yake katikati ya kitanda, mzima, macho wazi, kimya. Binti akamnyakua. Ndipo walipoliona shuka. Lilikuwa jeupe, na juu yake palikuwa na alama nyeusi kama masizi: umbo la mtu mzima aliyelala chali, mikono ubavuni. Kando yake, umbali wa shibiri moja, umbo dogo.

Shuka lilifuliwa mara tatu, alama haikutoka. Jioni wakalichoma uani, majivu wakayafukia. Binti akalala na mtoto chumba kingine. Chumba kile kikafungwa kwa kufuli, na shangazi akakesha ameegemea mlango wake, ufunguo kiganjani.

Asubuhi walipofungua, alama zilikuwa kwenye godoro. Ni zilezile mbili, kubwa na ndogo, ila kitu kimoja kilikuwa kimebadilika. Mkono wa lile umbo kubwa haukuwa tena ubavuni. Ulikuwa umelikumbatia lile dogo.