Kiti cha Mothusi

"Wewe wa kitambaa, inama."

Oteng aligeuka. Alikuwa akikatiza katikati ya umati uliosimama mbele ya duka la vifaa vya umeme pale Main Mall, Gaborone, jora la kitambaa cha bluu begani, asijue kwamba ameziba televisheni zote za dirishani. Aliyemsemesha alikuwa dada mrefu mwenye suruali ya mazoezi na raba nyeupe, nywele kazikata fupi kama mwanafunzi. Kabla Oteng hajainama, umati ukanguruma. Goli lilikuwa limefungwa, na yule dada hakuliona.

"Samahani, mma," alisema Oteng kwa heshima.

"Samahani yako itanirudishia goli?"

"Si huwa wanarudia kulionyesha?"

Yule dada alimwangalia kwa huruma. "Wewe mpira huujui."

"Naujua," Oteng alidanganya. "Tena sana."

Uongo huo ndio uliomfikisha sebuleni kwa yule dada, Gorata.

Oteng alikuwa fundi cherehani, sauti yake ya chini, shati lake halikunjamani hata joto liweje. Gorata alichezea timu ya wanawake miaka sita, akiwa kepteni, mpaka goti lilipomwangusha, na sasa alifundisha michezo shule ya msingi. Baridi ilipoanza kuingia mwezi wa nne walikuwa wameshapendana, na Jumamosi zao zikawa za nyumbani kwa Gorata, mtaa wa Bontleng. Sufuria ya nyama ilitokota tangu asubuhi, ikapondwa mpaka ikawa nyuzinyuzi, ikaliwa na ugali wa mtama mbele ya televisheni, miguu ya Gorata ikiwa juu ya mapaja ya Oteng.

Ingekuwa raha tupu, kama si Mothusi.

Mothusi alikuwa kocha msaidizi wa ile timu ya zamani. Alikuja kila Jumamosi, hakubisha hodi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani ambacho kilishachukua umbo la makalio yake. Alijua droo ya vijiko. Alijua Gorata anatia sukari ngapi kwenye chai.

"Kepteni, umemwona beki huyo? Anakaba kama wewe siku ile ya Lobatse."

"Usinikumbushe Lobatse," Gorata alisema, akicheka mpaka machozi.

"Lobatse kulikuwa na nini?" Oteng aliuliza.

"Hadithi ndefu, mpenzi. Tazama kona hiyo."

Oteng aliitazama kona. Hakuiona. Aliiona Lobatse tu.

Katikati ya wiki Oteng alikuwa akipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mothusi yupo hapo?"

"Leo Jumatano, Oteng. Hakuna mpira leo."

"Kwa hiyo ungekuwepo mpira, na yeye angekuwepo."

Gorata alicheka. Angejua moto anaoupulizia, asingecheka.

Jumamosi moja ya Agosti, wakati wa mapumziko, Oteng alikwenda jikoni kuleta jagi la maji ya tangawizi. Aliporudi alisikia sauti zimeshuka, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Usimwambie Oteng," Gorata alikuwa akisema.

"Mpaka lini, Kepteni? Nyumba nimeshapata. Ufunguo huu hapa."

"Nitamwambia mwenyewe. Nipe hii wiki."

Oteng aliingia, akaliweka jagi mezani.

"Niwapishe?"

"Oteng, sivyo unavyodhani."

"Miezi minne nakaa kwenye kochi hili kama mgeni msibani. Mnacheka msichonieleza. Kumbe mmeshafika kwenye nyumba na funguo."

Mothusi aliinuka. "Rra, bwana, hebu kaa kwanza."

"Kaa wewe. Si kiti chako hicho?"

"Oteng," alisema Gorata, uso umekauka, "ukitoka hivyo sitakufuata."

Alitoka, na kweli Gorata hakumfuata. Kipindi cha pili kilichezwa bila mtu wa kukitazama.

Jumapili Gorata alipiga simu mara mbili. Oteng aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Jumanne simu haikulia tena, ndipo yeye alipoanza kuitolea macho. Alishona mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi upande wa kulia, akafumua, akaurudisha palepale.

Ijumaa mchana, Mothusi alisimama mlangoni mwa kibanda cha Oteng cha kushonea.

"Sikuja kugombana," alisema. "Miaka mitatu iliyopita nilimwomba Gorata anikubali. Akanikataa, palepale Lobatse, mbele ya basi la timu, na wachezaji wote wanasikia. Kwa hiyo hukukosea mtu, rra. Umekosea mwaka."

Oteng alimsukumia kigoda.

"Timu ya wanawake ya Francistown, kule kaskazini, inamtaka awe kocha. Mimi ndiye niliyempendekeza. Nyumba ni ya dada yangu, huko huko. Gorata anaondoka Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii. Na alikuwa akiogopa kukwambia kuliko alivyoogopa kisu cha daktari wa goti."

Kesho yake Oteng alimkuta Gorata uani akiponda nyama, kanga ya kichwani imelegea, macho mekundu. Masanduku mawili yalikuwa yamepangwa ukutani.

"Mothusi yuko wapi?"

"Kasema leo ataangalia mpira kwao."

"Kwa nini hukuniambia, Gorata?"

"Ungesema nisiende, ningekuchukia. Ungesema nenda, ningelia wiki nzima. Nikawa naahirisha." Aliponda mara mbili kwa nguvu. "Na wewe simu hukupokea."

"Nilikuwa na wivu."

"Ulikuwa na wivu tangu mwezi wa nne."

"Kuna jingine. Mpira siujui. Nilikuwa nakariri majina ya wachezaji redioni kabla ya kuja."

"Nilijua. Ulishangilia goli tulilofungwa." Alijitahidi asitabasamu, akashindwa.

Oteng alichuchumaa mbele yake. "Francistown mafundi cherehani wapo?"

"Wapo. Wanashona vibaya."

"Basi wajomba zangu waje kwa wazee wako kuposa Jumamosi ijayo."

Mchi ukasimama hewani. Gorata alimtazama usoni, akitafuta utani, asiuone.

"Jumamosi ijayo nina mechi yangu ya kwanza," alisema.

"Basi waje Jumapili."

"Na wewe Jumamosi?"

"Nitakuwa uwanjani. Nani mwingine wa kukaa karibu yako?"

"Benchi lina watu, Oteng. Wachezaji, mtunza vifaa, daktari wa timu."

"Huyo daktari ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Ana umri gani?"

Gorata alicheka mpaka akaketi chini, mgongo ukutani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Oteng.

"Kula nyama, mume wangu," alisema. "Inapoa."